Manowari Juu ya Meza ya Sonara

Asubuhi ile Nuru alikuwa ameshaufagia uwanja mara ya pili, na bado mkono wake ulikuwa unautafuta ufagio. Tante Khadija, shangazi yake aliyemlea, alimtazama kutoka jikoni akamwambia kama nia yake ni kuchimba kisima aseme tu, watu walete jembe. Nuru hakucheka. Msichana anayengoja kuposwa saa kumi alasiri, huku mposaji mwenyewe kesho asubuhi anapanda ndege kwenda kuishi Kalemie, hana meno ya kuchekea.

Ismaël alikuwa mtu wa météo pale uwanja wa ndege wa Bangboka. Alipima mvua, akapima upepo, akawaambia marubani kama mawingu ya siku hiyo yana adabu. Sasa wakubwa wake walikuwa wamempa affectation mpya, yaani kituo kingine cha kazi, kule mbali kwenye ziwa, na hawakumuuliza kama moyo wake uko tayari kuhama. Ndiyo maana leo mjomba wake, Tonton Baraka, alikuwa aje kupiga hodi kwa Papa Mahmoudi, baba yake Nuru. Mzee akikubali, Ismaël angeondoka akiwa ameacha neno lake katika nyumba hii, na Nuru angemfuata baada ya ndoa. Akikataa, basi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na Nuru alijua penzi la simu litamchosha kabla halijamchosha mwenzake.

Na sababu ya kukataa ilikuwepo. Papa Mahmoudi alikuwa sonara, mtoto wa sonara, mjukuu wa sonara, na Mungu hakumpa mtoto wa kiume. Kila mtu wa mtaa wao wa Kabondo alijua kwamba anatafuta mkwe wa kushika nyundo. Ismaël hakushika nyundo. Ismaël alikuwa akiunda manowari ya plastiki, ndefu kiasi cha mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni, ambayo kaka yake alimletea vipande vyake kutoka Liège, Ubelgiji. Tante Khadija alipoisikia habari hiyo alishika kiuno. Mtu mwenye ndevu zake, alisema, anacheza na masuwa, tena masuwa yenye mizinga, kana kwamba masikio ya Kisangani hayajachoka na mizinga.

Jambo ambalo Tante Khadija hakulijua ni kwamba manowari ile ilikuwa imepita mikononi mwa Nuru. Ismaël aliingia dukani kwa Papa Mahmoudi siku moja kuulizia kibano chembamba, mkononi ana bamba la shaba ya njano jembamba kama ganda la kitunguu. Ndani ya bamba hilo kiwanda kilikuwa kimechonga kwa asidi vitu vya ajabu: ngazi, kingo za sitaha, milango, rada, vyote vidogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya anavipoteza. Kila kimoja kilitaka kukatwa, kukunjwa na kuunganishwa. Vile alivyojaribu yeye vilikuwa vimekunjamana kama karatasi ya pipi. Nuru alimnyang'anya kimoja, akakibana, akakikunja mara moja tu, kikasimama. Alipoinua macho kujisifu, aliona Ismaël haangalii ngazi. Alikuwa anamwangalia yeye, na wala hakuona haya kukamatwa.

Tangu hapo, kila Papa Mahmoudi alipolala baada ya chakula cha mchana, wawili hao walikaa kwenye meza ya usonara, vichwa karibu, pumzi zimebanwa. Shaba ile ilikuwa nyembamba mno kwa moto wa sonara. Kwa hiyo Ismaël alileta étain, ile waya laini ya mafundi wa radio, na chuma chake kidogo cha kuyeyushia. Hapo ndipo Nuru alipokosea, na alikosea akijua. Sheria ya kwanza ya nyumba yao ilikuwa étain isikaribie meza hata siku moja. Chembe yake ikiingia kwenye dhahabu, dhahabu nzima huvunjika kama biskuti. Nuru alifuta meza kila mara walipomaliza. Lakini mtu anayependa hufuta meza huku macho yakiwa kwingine.

Saa tano nyundo ya Papa Mahmoudi ilinyamaza dukani.

Nuru aliijua nyundo ile tangu tumboni, na haikuwa na kawaida ya kunyamaza katikati ya kazi. Alienda akasimama mlangoni. Baba yake alikuwa ameshika pete ya ndoa iliyopasuka. Mama Georgette wa duka la jirani alikuwa ameleta dhahabu ya marehemu mama yake ili mwanawe apate pete mbili, na harusi ilikuwa Jumamosi. Mzee aliigonga tena polepole, nayo ikapasuka upande wa pili.

Hakutukana. Alikunjua ngozi iliyofungwa chini ya meza, ile inayodaka vumbi la tupa. Katika ukoo wao hakuna sonara aliyewahi kumpunja mtu vumbi lake: kila jioni ngozi hukung'utwa, na vumbi la dhahabu ya mteja hurudi kwenye dhahabu ya mteja. Ndivyo alivyofanya jana pia, kwa uaminifu wake wote na macho yake yaliyopungua nguvu. Sasa alichukua lupu, kioo chake cha kukuzia, akapekua mikunjo ya ngozi, akatoa kitu kwa ncha ya kibano. Ilikuwa ngazi ya shaba ambayo hata sisimizi angeipanda kwa taabu, na mguuni ilikuwa na tone jeupe la étain. Akaiweka kwenye kisahani cheupe cha chai.

"Wageni yako iko nakuja saa kumi, sivyo?" aliuliza bila kumgeukia.

"Ndiyo, papa."

"Bon."

Neno hilo moja lilimwandama Nuru mchana kutwa. Alipika chai akasahau majani. Alivaa kitambaa cha bluu, akakivua, akavaa cha njano, akakirudia cha bluu. Mara mbili alishika simu amwonye Ismaël, na mara mbili Tante Khadija alimwita, akakataa kusema kwa nini anamhitaji, akamtuma tu. Bora baba yake angepiga kelele. Kelele mtu anajua pa kuzijibu.

Wageni walifika kwa moto, pikipiki ya abiria, Tonton Baraka mbele na kofia yake iliyodariziwa, Ismaël nyuma na katoni ya maziwa ya unga mapajani. Manowari isingefika salama ndani ya ndege, kwa hiyo alikuwa ameileta humo ndani amwachie Nuru. Shati lake lilipigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Nuru alipopita na sinia ya mikate alimkazia macho, ajue kuna hatari. Yeye akaona ni mapenzi, akatabasamu.

Tonton Baraka aliongea vizuri, na kwa muda mrefu, kama watu wa Kasongo, kwao huko Maniema, wanavyojua kuongea. Alisema Maniema na Kisangani ni mto mmoja, na maji hayaulizani yametoka wapi. Papa Mahmoudi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akasukuma kisahani katikati ya meza, kati ya sukari na vikombe.

"Mbele ya kuongea mambo ya watoto," alisema, "niko na swali moja kwa huyu kijana. Hii ngazi iko ya nani?"

Nuru alifungua mdomo. Ismaël alimtangulia.

"Iko yangu, papa."

"Ilifika namna gani ku meza yangu?"

"Mimi njo niliileta, wakati ulikuwa unalala. Nilitengeneza kila kitu mimi mwenyewe, na étain yangu. Nuru hakujua kitu."

Alimtupia Nuru jicho moja la mtu aliyejitosa mtoni kwa ajili ya mpenzi wake, anayetaka sasa aonekane anavyoogelea. Na kweli moyo wa Nuru uliyeyuka, kwa dakika moja hivi. Nani amewahi kusema uongo mbele ya Papa Mahmoudi kwa ajili yake?

Mzee aliomba aione hiyo masuwa. Katoni ikafunguliwa, manowari ikawekwa mezani, ya kijivu, nyembamba, imechongoka mbele. Kingo za shaba zilizunguka sitaha yote, nguzo kwa nguzo, na juu ya mlingoti rada ilisimama wima. Papa Mahmoudi aliweka lupu jichoni akaanza kuisoma kutoka mbele kwenda nyuma, taratibu, kama anakagua kazi ya mtu anayeomba ajira. Tonton Baraka akaona ni nafasi ya kuuza bidhaa yake.

"Kule Bangboka wanamusifu sana," alisema. "Hata chef wake, mukubwa ya kazi, alipiga foto, akaituma mpaka Kinshasa. Kila mutu kule anajua Ismaël njo fundi ya hii meli."

Kile kilichokuwa kimeyeyuka moyoni mwa Nuru kiliganda palepale. Alimtazama Ismaël. Ismaël alikuwa anatazama chai yake.

Papa Mahmoudi alitoa lupu jichoni. Aliweka ubao juu ya kigoda karibu na mlango, mbali kabisa na meza yake ya kazi, akamwomba kijana atengeneze ngazi nyingine. Moja tu, wageni wanywe chai huku wanatazama. Vipande vilivyobaki vya bamba vilikuwa ndani ya katoni pamoja na chuma na waya ya étain, kwa hiyo hapakuwa na kisingizio.

Ngazi ya kwanza iliruka kutoka kwenye kibano ikapotea. Watu wazima wanne walipiga magoti wakiitafuta sakafuni, Tante Khadija akinung'unika kwamba hajawahi kuona posa ya namna hii, mpaka ilipoonekana imenasa kwenye ndevu za Tonton Baraka. Mara ya pili Ismaël aliikunja upande usio wake. Mara ya tatu chuma cha moto kilimgusa kidole, akauma mdomo asilie, na jasho likaanza kuliharibu lile shati. Nuru alikuwa mlangoni anajifinya kiwiko. Alikuwa na hasira naye, na kila alipoungua yeye, aliungua na Nuru. Mtu anawezaje kumchukia mtu na kutaka kumpulizia kidole kwa wakati mmoja?

"Tika, acha," alisema mwishowe. "Utaiharibu."

Akakaa kwenye kigoda cha pili, akachukua kibano. Alikata, akakunja, akabana pumzi, akagusa étain mara moja. Ngazi ikasimama juu ya ubao. Nuru hakumtazama baba yake. Alimtazama Ismaël.

"Nani alikutuma unisaidie kwa kunifuta?"

"Nuru, nilitaka kukulinda."

"Na nini? Na papa yangu? Huyu papa njo alinifundisha kushika kibano, mbele ya kunifundisha kusoma." Sauti yake ilikuwa inapanda, akairudisha chini kwa nguvu. "Leo, sawa, tuseme ulikuwa unanilinda. Na kule Bangboka? Kule ulikuwa unanilinda na nani?"

Tonton Baraka alijikohoza kumsaidia mpwa wake. Ismaël hakuutaka msaada huo.

"Siku ya kwanza waliniuliza nani ametengeneza," alisema. "Nikasema mimi, kwa mchezo tu. Siku ya pili nikaona haya kurudi nyuma. Halafu chef akapiga foto." Alimgeukia Papa Mahmoudi. "Papa, meli iko ya Nuru. Mimi nilibandika plastiki na nikapaka rangi. Kila kitu ya shaba unaona pale, ni mikono yake. Na étain kuingia hapa, njo mimi niliileta."

"Na mimi njo niliiruhusu," Nuru alisema. "Nilijua sheria."

"Nilijua tangu saa tano," Papa Mahmoudi alisema. "Huyu mutoto akikunja kitu anaanza na kona ya kushoto. Hakuna sababu ya kuanza na kushoto. Mimi njo ninaanza na kushoto, na papa yangu vilevile." Aliichukua ngazi mpya akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imechoka kidogo. "Miaka yote natafuta kijana wa kukaa ku meza hii. Nilimutafuta kwa watu, nilimutafuta mpaka Kindu. Kumbe iko ndani ya nyumba yangu, inanipikia chai. Nuru, meza ni yako. Tangu leo."

Nuru aliyasikia maneno aliyoyangoja tangu utotoni, na machozi yakamtoka kabla hajapata muda wa kuyazuia. Kisha akaelewa maana yake yote. Meza ile haipandi ndege. Jina lililo juu ya mlango wa duka ni jina la Kabondo, na wateja wake ni watu ambao bibi zao walivalishwa na babu yake. Amepewa kitu ambacho hakuthubutu kukiomba, siku ileile aliyotaka kuondoka.

Papa Mahmoudi naye alimwambia Tonton Baraka waziwazi kwamba kijana hamkatai. Uongo wake ni mbaya, lakini ameurudisha mwenyewe mbele ya watu, na hilo si kila mwanaume analiweza. Anachokataa ni mkono wa Nuru kuondoka Kisangani. Tonton Baraka alijibu kwa heshima, ila uso wake ulikuwa umebadilika. Kwao, alisema, mke ndiye anayemfuata mume, na mwanaume aliyepewa kazi na Serikali hawezi kuiacha kwa sababu ya kigoda na kibano.

Nuru alifuta uso na ncha ya kitambaa. Wazee walikuwa wanaongea juu ya kichwa chake, na yeye alikuwa na swali lake.

"Ismaël. Nikikuja Kalemie, nitakuwa nani kule?"

"Muke yangu."

"Na fundi?"

Ilikuwa rahisi kumdanganya hapo. Angesema watapata duka, watapata meza, Mungu atasaidia, na pengine Nuru angekubali, kwa kuwa alitaka sana kukubali. Aliona jinsi uongo ule ulivyomfika Ismaël mdomoni. Aliona pia alivyoumeza.

"Sijui," alisema. "Kule sina hata chumba. Utakuwa muke ya mutu ya météo. Ile tu."

"Na wewe ukibaki huku, utakuwa nani?"

Tonton Baraka ndiye aliyejibu. "Atakuwa mume ya bijoutière, mume ya sonara. Atakaa kwa wakwe, atakula kwa wakwe, na watu watamuita kwa jina ya muke yake." Akavaa kofia yake, akamshukuru Tante Khadija kwa chai, akasimama. "Tunaenda. Ndege ni kesho."

Wageni wa posa huingia pamoja na hutoka pamoja. Kijana hufuata kisigino cha mkubwa wake, hata kama jibu limemuuma, hata kama msichana analia. Atakayebaki kitini baada ya mkubwa wake kusimama amejitenga na ukoo wake mbele ya mashahidi, na neno hilo halirudishwi kwa kuomba radhi. Nuru alilijua. Tante Khadija alilijua, akaacha kukusanya vikombe.

Ismaël hakusimama.

"Ismaël," Tonton Baraka alisema.

"Nimesikia, tonton."

"Unasikia halafu unakaa?"

"Watapata mwingine wa kupima mvua," Ismaël alisema. "Mvua haichague mutu. Unisamehe, tonton. Nitakuja kwako kesho, nipige magoti. Leo siende."

Tonton Baraka alimtazama, akamtazama msichana, akatikisa kichwa, akatoka peke yake. Walisikia akimwita mtu wa moto barabarani, kisha wakasikia moto ikiondoka.

Nuru alikuwa bado amekaa kwenye kigoda chake. Alitaka kumkimbilia. Alitaka pia kumpiga na sinia. Akachagua kitu cha katikati, akamsogelea, akakishika kile kidole kilichoungua, si kwa upole sana.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Utasema Bangboka?"

"Kesho asubuhi. Nitawaambia mambo mbili, meli si yangu, na siende."

"Anza na meli," Nuru alisema, na ndipo alipokipulizia kidole.

Papa Mahmoudi hakuwatazama. Alikuwa ameinama, anaifunga pete iliyopasuka ndani ya kitambaa safi, pamoja na dhahabu yote iliyobaki ya marehemu. Alikuwa sonara maisha yake yote na hajawahi kwenda kwa mteja na habari ya namna hii. Aliitia bahasha ile ya kitambaa mfukoni, akatafuta viatu vyake kwa miguu chini ya meza. Kisha akamwonyesha Ismaël viatu vyake mlangoni.

"Vaa," alisema. "Mama Georgette hajafunga duka bado. Tunaenda kumuambia ukweli, na Nuru, watu watatu."